TAHADHARI: Anayeuza "pepa" za usaili wa Afisa Masoko ni tapeli, mimi nimeshapigwa

Wakuu habari zenu. Naandika hii nikiwa na aibu kidogo maana ili nimseme huyu jamaa inabidi nijiseme na mimi mwenyewe, ila bora aibu kuliko kunyamaza huku naona kwenye magrupu watu wanaulizana "jamani nani ana pepa?" na yeye yupo humohumo anasoma kimya kimya anachagua wa kumfuata inbox.

Iko hivi. Niliomba nafasi ya Afisa Masoko kwenye shirika moja la umma, silitaji kwa sababu lenyewe halina kosa lolote kwenye hii stori. Nafasi zilikuwa za kuhesabu kwa vidole, majina ya walioitwa kwenye mtihani wa mchujo yakajaza kurasa kumi na kitu za PDF. Ukiona jina lako kwenye orodha ndefu namna ile furaha inakaa dakika mbili, halafu unaanza kuhesabu wenzako. Siku hiyohiyo mtu akaanzisha grupu la WhatsApp la walioitwa, eti tupeane nondo, nikaingia kama wengine.

Kesho yake usiku napigiwa simu na namba ngeni. Mtu ana sauti nzito ya kiofisi, ananiita majina yangu yote matatu na namba yangu ya usaili. Wakuu mimi nilisimama. Nikamwamkia shikamoo kabisa, akaitika marahaba taratibu kama mzee mwenye kazi nyingi. Akasema "mdogo wangu, mimi nipo jikoni, karatasi nimeiona kwa macho yangu, nimeangalia orodha nikakuonea huruma."

Alinionea huruma. Kati ya mamia yale.

Sasa ngoja niwaambie majina matatu na namba ya usaili aliyatoa wapi, maana hapo ndipo wengi tunapofia. Kwenye ile PDF! Ile iliyowekwa wazi kila mtu aione. Namba ya simu kaitoa kwenye grupu. Basi, uchawi wote ni huo. Ila saa tatu usiku ukiwa na presha ya mtihani akili haifiki huko, wewe unachosikia ni kwamba huyu mtu ananijua, kwa hiyo yupo ndani.

Akanitumia picha ya ukurasa wa kwanza, imefifishwa, inaonekana kichwa tu na mhuri mwekundu SIRI. Masharti yake: nusu sasa hivi, nusu baada ya kupokea, usimwambie mtu, na futa meseji. Nikatuma nusu. Jina lililotokea wakati natuma lilikuwa la mwanamke, nikamuuliza, akasema ni la mhasibu wake. Mhasibu! Mtu anaiba mtihani halafu ana mhasibu, na mimi nikaona sawa tu.

Baada ya nusu ikaja "hela ya kumtuliza dogo wa kuprinti". Halafu ikaja ya "kufungua faili" maana eti lina nywila inayotoka kwa mtu mwingine. Hii michango midogo midogo ndiyo mtego wenyewe, kwa sababu kila ikija unajiambia nimeshatoa kubwa, nikiacha hapa ile imekufa bure, ngoja nimalizie. Nikamalizia. Jumla ilizidi hela niliyokuwa nimeitenga kwa nauli na malazi ya kwenda kwenye usaili, nikaenda kukopa.

Pepa ikaja. Kurasa 9, maswali 60, na majibu yamekolezwa wino. Nikalala nayo siku tatu nakariri.

Kilichonishtua ni swali la 14. Kitu kimenunuliwa 80 kikauzwa 100, tafuta asilimia iliyoongezwa juu ya bei ya kununulia. Jibu lao 20. Nikasema hapana bwana, faida ni 20, ukiigawa kwa 80 uliyonunulia unapata asilimia 25. Hiyo asilimia 20 ni faida ukiipima kwa bei ya kuuzia, ni vitu viwili tofauti na hata muuza duka ambaye hakwenda shule anavitofautisha kichwani. Nikajipa moyo kwamba labda wamekosea kuandika.

Swali la 22 nalo. Kampuni ilikuwa na wateja 40,000 kwenye soko la wateja 100,000, mwaka uliofuata ikawa na 46,000 na soko likafika 125,000, sehemu yake ya soko imekuwaje? Jibu lao imepanda kwa asilimia 15. Wateja ndio wamepanda asilimia 15, kweli, lakini soko limekua haraka kuliko wao, sehemu yao imeshuka kutoka asilimia 40 mpaka 36.8. Hili ndilo swali ambalo mtunga mtihani wa masoko anaweka makusudi akukamate, na huyu "mtu wa jikoni" kakamatwa yeye.

Kufika kwenye swali la nani aliziweka pamoja zile P nne za masoko (kwa Kiingereza product, price, place, promotion, yaani bidhaa, bei, mahali na matangazo), jibu wameweka Kotler, yule mwandishi maarufu wa vitabu vya masoko. Hapo nikakaa kitako. Zile P nne aliziandika msomi mwingine wa masoko, McCarthy, mwaka 1960, Kotler ndiye aliyezieneza na kuzifanya zijulikane dunia nzima. Wanafunzi huwa wanachanganya, sawa, lakini mtunga mtihani wa ajira achanganye?

Nikaanza kuiangalia pepa yenyewe kama karatasi, achana na maswali. Mhuri wa SIRI upo kurasa zote tisa, umekaa palepale, umeinama vilevile, na herufi R imefifia sehemu ileile kwenye kila ukurasa. Mhuri wa mkono haugongwi hivyo hata ungekuwa roboti. Ukurasa wa 7 chini kabisa, kwa maandishi madogo, kumebaki jina la shirika lingine kabisa la mambo ya usafiri, walisahau kulifuta. Nikafungua taarifa za faili (kwenye kompyuta ni kubofya tu ukaangalia sifa zake), imetengenezwa miaka miwili nyuma. Nafasi yetu imetangazwa mwezi uliopita.

Nikampigia. Akawaka. "Dogo, wewe ndio wa kunifundisha mimi? Rudisha karatasi yangu." Nirudishe PDF, sijui nairudishaje. Baada ya hapo kaniblok.

Mtihani wenyewe nikaenda nikiwa nimevurugwa. Na niwaambie ulivyokuwa maana hiki ndicho kilichonifanya nione hata angekuwa mkweli asingeweza kunisaidia. Tuliingia kwa awamu, asubuhi kundi moja, mchana lingine, kila mtu na kompyuta yake. Wa kushoto kwangu alikuwa na swali la mchoro, mimi nina la hesabu, wa kulia anasoma kisa. Mitihani ya kompyuta ya namna hii inachota maswali kutoka kwenye benki kubwa ya maswali na kuyachanganya, hata mpangilio wa A B C D unahama. Kwa hiyo ile picha iliyoko vichwani mwetu, bahasha moja imefungwa kwenye kabati na mtu mmoja ana ufunguo, kwenye mtihani wa aina hii haipo. Hakuna pepa moja ya kuiba.

Na swali ambalo siwezi kulisahau lilikuwa hili: shirika linatoa huduma ambayo bei yake inapangwa na mamlaka ya udhibiti, wateja wanalalamika na wanaanza kuhamia kwa wengine, wewe afisa masoko utafanya nini kwanza. Kwenye pepa ya kununua lilikuwepo swali linalofanana na hilo, jibu lake "punguza bei kwa asilimia 20". Mkuu, bei si yako! Kwenye mashirika mengi ya umma P ya bei unaikuta imeshafungwa na mdhibiti, unabaki na huduma yenyewe, namna ya kumfikia mteja, na unavyomwambia. Ukijibu punguza bei umeonyesha kwamba hujui unaomba kazi wapi. Kama kuna mtu alikariri lile tango pori na kulijaza pale, pole yake.

Kingine, huu ni mtihani wa ushindani, wenzetu wengi hawalielewi hili. Watu wanadhani ukipata 50 umefaulu, umepita. Wanapanga kutoka wa juu kushuka, wanachukua idadi wanayoitaka kwenda usaili wa ana kwa ana, wanakata. Sasa hata tuseme pepa ni ya kweli, jamaa kaiuza kwa watu mia tatu, wote mkapata 90, mstari wa kukatia unapanda na nyie mnabaki palepale mlipokuwa, tofauti ni kwamba mfuko umetoboka. Nilipokuja kuliwaza hili nilicheka peke yangu kwa uchungu.

Mnadhani iliishia hapo? Siku mbili baada ya mtihani namba nyingine inanitext, sasa ni "idara ya mifumo", wanasema nimekosa maksi 4 kuingia kwenye orodha ya usaili wa ana kwa ana na zinaweza kuongezwa kabla matokeo hayajafungwa. Uandishi uleule, anaandika "ndg" na anaweka nukta tatu kila mahali. Yaani ukishalipa mara moja jina lako linaingia kwenye daftari la wanaolipika, wanakurudia. Nimeongea na wenzangu wanne kwenye grupu, wawili waliambiwa wamekosa maksi 4, mmoja 3, na mmoja ambaye mtihani hakwenda kabisa, aliugua, naye kaambiwa amekosa maksi 4.

Halafu kuna ile chaneli yake ya Telegram ambayo watu wanaitolea ushahidi, "mbona aliposti maswali jana yake na kweli yametoka?" Sikilizeni. Posti ya kwenye chaneli inaharirika. Usiku wa kuamkia mtihani anaweka posti yoyote, hata picha ya ua. Mtihani ukiisha watu wanatoka wanasimulia maswali, yeye anayakusanya, anaingia kwenye posti ya jana anabadilisha kilichomo, saa inabaki ileile ya jana. Angalieni pembeni ya saa, kuna kaneno kadogo kanasema imehaririwa. Skrinshoti wanazosambaza wanakata pale pembeni, nilikuwa najiuliza kwa nini picha zao zote zimekatwa vibaya upande wa kulia.

Najua kuna mtu atasema "ila kwenye masoko lazima uwe na koneksheni". Inawezekana, sibishani. Ila mwenye koneksheni ya kweli hakupigii saa tatu usiku na laini iliyosajiliwa kwa jina la mhasibu. Na shirika la umma likitaka kukuita linaandika pale lilipotangaza nafasi, kwenye anwani yake rasmi, na halikuombi hela kwa namba ya mtu. Angalieni hata anwani ya barua pepe, kuna mwenzetu alitumiwa barua ya kuitwa kazini, nembo safi kabisa, ila anwani ilikuwa na kistari kimoja cha ziada katikati ya jina na mwishoni imeishia tofauti na ile ya shirika. Alishaanza kuaga anapofanya kazi.

Kuhusu hela yangu, niliripoti polisi na kwa watu wa mtandao wa simu. Pale kaunta askari aliniuliza swali moja tu, "ulikuwa unanunua nini?" Nikababaika. Na jamaa anajua tutababaika, ndiyo maana anauza kitu ambacho mnunuzi anaona haya kukitaja. Niliripoti hivyohivyo, nikasema ukweli, wakaandika, laini wakasema wataifuatilia. Ukiwa umepigwa na wewe usifute meseji kama alivyokuagiza, hizo ndizo ushahidi, piga skrinshoti zenye namba na saa, tunza na ujumbe wa muamala.

Matokeo yangu? Sikupita, na sehemu kubwa ni kwa sababu siku tatu za mwisho nilikuwa nakariri takataka badala ya kufanya hesabu za asilimia na kusoma taarifa ya mwaka ya shirika lenyewe, ambayo ilikuwa imewekwa wazi bure na maswali kama matano yalitoka humo kuhusu huduma zao.

Jana usiku kabadilisha DP, sasa kaweka picha ya mtu aliyevaa suti na miwani, na kahamia kwenye grupu la wanaosubiri mtihani wa Afisa Mauzo. Anaanza hivi na habadilishi hata neno: "Habari ndg... nimeangalia orodha nimekuonea huruma..." Ukiipata hiyo ni yeye, usimtukane, usimjibu, chukua namba iweke hapa chini kwenye koment tuziripoti zote kwa pamoja. Mimi nimeshaweka mbili.