Rekoda ya kamera 16 ndani ya mtandao wa kampuni: inanasa vizuri, haitawaliki

Rekoda ya video ninayoitathmini ina nafasi ya kamera 16, matundu manne ya diski, na milango 16 ya nyuma inayopeleka data pamoja na umeme kwa waya mmoja. Muuzaji huisifu kwamba ukishaichomeka huna haja ya kuigusa tena. Sifa hiyo inafaa nyumbani, lakini katika mtandao wa kampuni, ambako kila kifaa hutakiwa kujitambulisha, kusasishwa na kutoa taarifa zake kwa msimamizi, ndiyo inayozaa maudhi.

Upande wa kunasa picha hauna lawama: picha ni safi mchana na usiku, na tukio la saa fulani hupatikana haraka hata kamera zote zikiwa zinarekodi. Linalohitaji hesabu kabla ya kununua ni hifadhi. Kamera moja inayotuma megabiti 4 kwa sekunde bila kukoma hujaza takribani gigabaiti 43 kwa siku, kwa hiyo kamera 16 kwa siku 30 zinahitaji karibu terabaiti 21, mbali na nafasi ya diski moja ambayo RAID 5, mpangilio wa diski unaookoa data diski moja ikiharibika, hujitwalia. Mfumo wa kubana video wa H.265 hupunguza mzigo huo ukilinganishwa na ule wa zamani, H.264, ingawa kompyuta za zamani za ofisini hukwama zinapoucheza.

Ile milango ya nyuma inastahili kutazamwa kwa makini. Kamera zilizochomekwa hapo huishi katika mtandao mdogo wa ndani ya rekoda, hivyo mzigo wao hauingii kwenye swichi za kampuni, na hilo ni jema. Hata hivyo, msimamizi wa mtandao hazioni kamera hizo kabisa: hawezi kujua ipi imezimika, wala hawezi kuzilazimisha zijithibitishe kwa 802.1X, kanuni inayokitaka kifaa kijitambulishe kabla ya kuruhusiwa mtandaoni. Mimi ningeiacha milango hiyo bila kuchomeka kitu, nikachomeka kamera kwenye swichi inayosimamiwa, ndani ya VLAN yao wenyewe, yaani kipande cha mtandao kilichotengwa, kisha rekoda ikaingia humo humo. Waya unaokwenda kwenye kamera ya ukuta wa nje ni waya ambao mpita njia anaweza kuuchomoa na kuchomeka kompyuta yake, na ni heri swichi ndiyo imkatalie. Rekoda yenyewe haina 802.1X, kwa hiyo italazimu kuiruhusu kwa anwani yake ya MAC, namba ya utambulisho ya kifaa, ambayo si vigumu kuigizwa.

Kasoro kubwa zaidi ni mambo mawili yanayokuja yakiwa yamewashwa tangu kiwandani. La kwanza ni UPnP, njia ya vifaa kujipangia mtandao vyenyewe, ambayo huiomba ruta ifungue milango ya kuingilia kutoka intaneti bila mtu kuulizwa. La pili ni huduma ya kutazama kwa simu, ambayo hupigia seva za mtengenezaji kutoka ndani kwenda nje, na kwa kuwa ngome nyingi za mtandao (firewall) huruhusu mawasiliano yanayoanzia ndani, sheria za kuzuia wageni haziigusi. Yote mawili yazimwe, na VLAN ya kamera inyimwe intaneti moja kwa moja. Anayeona huo ni woga uliopitiliza akumbuke Mirai, programu hasidi ya mwaka 2016, iliyojikusanyia jeshi la rekoda na kamera kwa kujaribu tu manenosiri ya kiwandani. Kwa haki, rekoda hii humlazimisha mtumiaji kuweka nenosiri jipya anapoiwasha mara ya kwanza.

Ukiinyima intaneti, saa yake itaanza kupotea polepole, kwa sababu imeelekezwa kwenye seva ya saa iliyo nje. Ielekezwe kwenye seva ya saa (NTP) ya kampuni yenyewe, kwani picha ya wizi ambayo saa yake haioani na kumbukumbu za kadi za mlangoni huzua mabishano mbele ya wachunguzi.

Kuhusu akaunti, haisomi saraka ya watumiaji ya kampuni. Kila mlinzi hufunguliwa akaunti kwa mkono, na anapoacha kazi lazima mtu akumbuke kuifuta. Katika ofisi nyingi, mtu huyo hayupo. Ukurasa wake wa usimamizi nao una vipengele vinavyodai programu-jalizi ya Internet Explorer, kivinjari ambacho Microsoft ilikistaafisha Juni 2022, na kuipeleka sokoni namna hiyo ni uzembe.

Masasisho ya programu yake huwekwa kwa mkono pia, rekoda moja baada ya nyingine, na kila moja hujizima na kuwaka upya, kwa hiyo kwa dakika chache hakuna kinachorekodiwa. Kwa kampuni yenye jengo moja na fundi aliye karibu, ningeikubali. Kwa yenye matawi mengi ningeikataa, isipokuwa mtengenezaji akubali kwa maandishi kutaja ni miaka mingapi ataendelea kutoa masasisho ya usalama.