Mto wa sufi wa kulalia ubavu, kwa fundi magodoro wa nyuma ya Darajani

Asalaam alaykum wenzangu. Naandika kwa wale wenye mimba kubwa saivi na usiku hawalali, maana nakujua kulivo. Hii mimba yangu ilikuwa ya pili, nimejifungua wiki tano zilizopita alhamdulillah, na katika vitu vyote nilivonunua kilichonisaidia kweli ni mto wa sufi nilioshonewa na fundi magodoro hapa Mjini Unguja, uchochoro wa nyuma ya Darajani, kwa shilingi 35,000. Kabla yake nilishatoa 120,000 kwa mto mwengine kwahiyo naanza na huo ili msipite nilipopita mimi.

Niliuona kwenye simu, ule mkubwa wenye umbo la U unaokuzunguka mbele na nyuma. Nikaagiza Dar ukaja na boti, umevutwa hewa umebanwa mpaka umekuwa kama kishada cha karatasi, muuzaji akasema uache siku mbili utajaa wenyewe. Ulijaa nusu. Ndani nyuzi za nailoni, juu foronya ya mahameli, na mimi nimeupokea mwezi wa kwanza, kaskazi hiyo, usiku umeme ukikatika feni ikisimama basi unakuwa umekumbatia jiko. Kitanda chetu futi 5 kwa 6, mto ukichukua nafasi yake na mimi yangu mume wangu akawa hana pa kulala, akatandika mkeka chini. Yote hayo ningevumilia lakini ulikuwa laini mno, nikiegemea kwa mgongo unabonyea wote, na nikizinduka saa nane usiku nipo chali. Nilimwandikia muuzaji akanijibu mara moja tu kisha kimya, mpaka leo.

Na hapo kwenye chali ndo hasa kilichonipeleka kwa fundi. Nilipofika wiki ya 28 nesi wa kliniki alinambia kuanzia sasa ukienda kulala lala ubavu, iwe usiku iwe mchana, usianze usingizi kwa mgongo. Akanieleza kuwa tumbo likishakuwa zito ukilala chali linaukalia ule mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, damu inapungua kumfikia mtoto. Nikarudi nyumbani nikasoma. Watafiti wa Auckland, New Zealand, walichapisha jambo hili mwaka 2011, na mwaka 2019 zikaunganishwa tafiti tano, za New Zealand, Australia, Uingereza na mmoja wa mtandaoni wa nchi mbalimbali, wanawake waliofiwa na mtoto tumboni baada ya wiki 28 walikuwa 851 na wenzao 2,257 ambao mimba zao zilikuwa zinaendelea, na waliosema walilala chali usiku ule wa mwisho uwezekano wa kumpoteza mtoto ulikuwa kama mara 2.6 ya waliolala kushoto. Mwenzenu nilipoliona hilo nikakosa usingizi moja kwa moja. Nikizinduka chali moyo unakwenda mbio, namgusa tumboni nasubiri acheze, usiku mmoja nililia mpaka mume wangu akainuka pale mkekani akaja kukaa na mimi hadi alfajiri.

Kliniki iliyofuata nikamwambia nesi. Akanshika mkono akanambia, "Dada, ukizinduka umelala chali geuka tu, rudi ubavuni, ulale. Linaloangaliwa ni unapoanza usingizi, maana ndo mlalo unaokaa nao muda mrefu. Na wengi mno wanalala chali na watoto wao wazima." Nikamuuliza na kulia jee, maana bi mkubwa wangu nyumbani ananambia kushoto tu kushoto tu, ubavu wa kushoto ushakufa ganzi. Akasema kushoto kukikuridhisha lala kushoto, kulia pia ruhusa, na kweli kwenye ule utafiti wa 2019 kulia na kushoto hakukuonekana tofauti. Naliandika hili kwa makusudi kwasababu najua wangapi wanajilazimisha upande mmoja usiku kucha na nyonga zinawauma na hakuna aliyewaambia.

Basi bi mkubwa ndo akaniambia niende kwa fundi, yeye mito yake yote ya sufi tangu alipoolewa. Duka lenyewe ni chumba kimoja, magunia ya sufi yamepangwa hadi dari, fundi mtu mzima amekaa chini kwenye jamvi anachambua. Nikamwamkia shikamoo, marahaba mwanangu, akaniangalia tumbo kabla sijasema kitu akanambia vua viatu ukae. Nikamweleza ninavolala. Akaniuliza vitu ambavo yule wa kwenye simu hakuniuliza hata kimoja: urefu wangu, kitanda futi ngapi, godoro la sponji au la sufi, nalala ubavu gani zaidi, na miguu inavimba? Akachukua utepe akanipima toka begani hadi kisigino. Nikamwomba na mto mwengine wa kuweka mgongoni, ausindilie uwe mgumu, akasema, "Huo ntaufanya kabari, mwanangu. Hata ukitaka kupinduka utakuzuia."

Alinitengenezea viwili. Kimoja mto mrefu kama futi 5, mnene wastani, wa kukumbatia mbele. Cha pili kifupi kigumu, upande mmoja mnene upande mmoja mwembamba, wa kuweka nyuma ya mgongo. Kitambaa ni kile cha magodoro chenye mistari, foronya nimeshona mwenyewe kwa kanga mbili kuukuu, na hapa nawasisitiza kabisa, kanga kuukuu ya pamba hakuna kitambaa kinachoishinda kwa joto letu, inanyonya jasho na asubuhi unaifua inakauka kabla ya adhuhuri.

Usiku wa kwanza nililala toka saa nne hadi saa tisa, nikaenda chooni (hilo la mkojo hakuna mto unaolizuia), nikarudi nikalala tena. Yarabi nilisahau usingizi ulivo. Siri yake ninavoona mimi ni kwamba mto mrefu unaubeba mguu wa juu wote, kuanzia goti hadi kifundo, kwasababu nilikuwa naweka kamto kadogo katikati ya magoti tu na unyayo unaning'inia chini kwahiyo nyonga inavutwa usiku kucha asubuhi natembea nachechemea. Na ile kabari ya mgongoni, hata nikijisahau nikataka kupinduka inanishika pembeni, nabaki nimeinama upande sio chali kabisa. Chini ya tumbo nilikuwa nakunja kanga moja naisokota kama kata naisogeza hapo, inatosha, wala usinunue kitu cha tatu.

Kiungulia kilinisumbua mimba ilipofika mwezi wa nane, mto huu peke yake haukukitoa. Mume wangu aliinua kitanda upande wa kichwani kwa vipande viwili vya matofali, tena nikaacha kula saa tatu usiku, na kulala kushoto hapo ndo niliona faida yake. Kuamka nako, usijiinue kwa tumbo kama zamani, jisogeze ubavuni hadi ukingoni, shusha miguu, sukuma kwa mkono. Mgongo utakushukuru.

Sasa kasoro zake, maana zipo. Sufi inafanya mabonge, baada ya wiki tatu mto mrefu ulishaanza kuwa na bonde pale ninapoweka goti, ikabidi niupigepige kila asubuhi. Haufuliwi kamwe, ukiingia maji umeharibika, unaanikwa juani tu, na mwezi wa nne masika yalivoshika siku nne mfululizo bila jua ukaanza kunuka uvundo, nikauweka karibu na feni chumbani, ukanikera. Mwenye pumu namwambia asichukue wa sufi, vumbi lipo hata fundi achambue vipi, amwombe amtilie sponji iliyokatwakatwa, niliona anayo. Na muda, alinambia siku nne zikawa tisa, nilikwenda mara mbili nikarudi mikono mitupu na jua lile na tumbo lile, hilo sikulipenda na nilimwambia usoni. Aliomba radhi. Mshono ulipofumuka upande mmoja alinishonea papo hapo hakutaka hela.

Jengine ambalo sio la fundi lakini siwezi kuandika haya yote nikaliacha. Mto ni wa usingizi na nyonga tu. Mtoto akipunguza kucheza tofauti na ulivomzoea, au uso na mikono ivimbe ghafla, kichwa kikuume sana macho yaone nyota, usiseme ngoja nigeuze ubavu nione kesho, nenda hospitali usiku huo huo, hata kama umekwenda jana. Mimi nilikwenda mara moja saa saba usiku, mtoto alikuwa salama, na hakuna aliyenigombeza.

Saivi mto mrefu naunyonyeshea, naukunja mara mbili namlaza juu yake mikono yangu inapumzika. Yeye mwenyewe simlazi nao wala siuachi karibu yake akilala, mtoto mchanga analazwa chali peke yake pasi na mito, yaani kinyume na mamake alivokuwa.

Kwa 35,000 naupa nyota nne kwa tano, moja nimeikata kwa zile siku tisa. Ukitaka nenda mapema, mwezi wa tano au wa sita wa mimba, usingoje tumbo likulemee, nenda asubuhi kabla jua halijawa kali, pima kitanda chako kabla ya kutoka nyumbani, na ukiwa na kitambaa chako mwenyewe mpelekee anapunguza bei. Wa Pemba wifi yangu wa Wete nilimtumia wake kwa boti, nilimpa fundi urefu wake kwa simu tu na umemkaa sawasawa. Ijumaa anafunga kabla ya sala harudi tena hadi Jumamosi.