Mpango wa lishe wa kulipia: upi ulipie, upi uupite

Shemeji yangu wa Arua, hapa Uganda, alinitumia kwa WhatsApp "mpango wa lishe uliotengenezwa kwa ajili yako peke yako". Kurasa kumi na mbili, rangi tele, na picha ya msichana anayecheka huku akila majani. Alikuwa ameulipia shilingi 380,000 za Uganda kwa MoMo, pesa za simu. Ukurasa wa tatu ulimwambia aanze siku kwa oti na blueberry. Ukurasa wa nane ulianza hivi: "Mpendwa Patience."

Shemeji yangu anaitwa Juma.

"Sasa huyo Patience naye amepewa wangu?" akaniuliza.

Tulicheka, lakini pesa ilikuwa imeshakwenda. Mimi si daktari. Ni mnunuzi tu, mtoto wa kambi ya polisi Nsambya, niliyepimwa sukari kabla ya kula nikakutwa na 6.4. Kisukari chenyewe huanzia 7.0, kwa hiyo nilikuwa sijaingia ndani ila nimesimama mlangoni. Toka siku ile nimelipia huduma nne tofauti za lishe, na mbili kati yake nazijutia mpaka leo. Nimezipanga hapa chini, pamoja na nyingine zinazouzwa, kuanzia ile ningeilipia tena kesho asubuhi hadi ile nisingeigusa hata ya bure. Kipimo changu kikubwa ni kimoja: je, wiki ya tatu, ari ikishapoa, kuna mtu atakayenipigia simu kuuliza nimekula nini?

Kabla hujatoa hata senti

Kapime kwanza: sukari, presha, uzito, kiuno, na damu kama unachoka ovyo. Katika vituo vya afya vya serikali ada ilifutwa mwaka 2001. Ukikuta vifaa vya kupimia vimekwisha, na hilo hutokea, kliniki ya mtaani itakupima sukari kwa hela kidogo sana ukilinganisha na mpango wowote wa lishe.

Kama unakonda bila kutaka, unakohoa wiki ya pili sasa, au una kiu isiyoisha na unaamka usiku mara nne kwenda chooni, achana na mwongozo huu uende hospitali. Hayo hayahitaji mshauri wa mlo. Na kama shida ni mtoto aliyedhoofu, usinunue kitu. Hospitali ya Mulago, Kampala, kuna kitengo cha Mwanamugimu kilichoanza miaka ya 1960 kwa kazi hiyohiyo, na jina lake limetoka kwenye methali ya Waganda isemayo mtoto mwenye siha hutokea mgongoni kwa mama, kwenye mbeleko.

Jambo moja zaidi, na hili silifanyii mzaha: ukiwa unatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, usipunguze wanga kwa ushauri wa mtu yeyote bila daktari wako kujua. Dawa ikibaki ileile na chakula kikapungua, sukari inaweza kushuka mpaka uanguke.

Nafasi ya kwanza: mtaalamu wa lishe wa kukaa naye uso kwa uso

Nililipa 60,000 siku ya kwanza, kisha 30,000 kila nilipomrudia, mara tatu. Jumla 150,000 kwa miezi mitano, na katikati alikuwa akinipigia simu. Hiyo ni chini ya nusu ya karatasi za Juma.

Siku ile hakunipa karatasi. Alinipa kalamu, akasema, "Nichoree sahani yako ya jana mchana." Nikachora. Matooke (ndizi za kupika) upande huu, posho (ugali) pale, wali kidogo, kiazi kitamu vipande viwili, na pembeni kabakuli ka maharagwe. Akaitazama, akauliza, "Kaka, hapa umekula vyakula vingapi?" Nikasema vitano. Akasema, "Umekula kimoja mara nne, na maharagwe."

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho hakuna programu ya simu ingeniambia. Sisi Uganda tukisema "chakula" tunamaanisha wanga. Kila kingine ni sosi. Ukiingia hoteli ya mtaani ukaagiza nyama, mhudumu anakuuliza, "Na chakula gani?" na jibu la mtu mwenye njaa ni "Changanya." Sahani inakuja na wanga wa aina nne kama mkutano wa makabila, na tunaona tumekula mchanganyiko.

Masharti yake yalikuwa machache mno mpaka nikahisi nimepunjwa. Wanga aina moja, mbili zikizidi, na jumla yake isipite ngumi zangu mbili. Maharagwe yaongezwe mpaka yawe sawa na huo wanga. Mboga za majani, dodo (mchicha) au nakati, nusu ya sahani. Mukene, dagaa wetu, mara tatu kwa wiki, kwa sababu analiwa mzima na mifupa yake, kwa hiyo unapata protini na kalisi kwa bei ambayo nyama haiwezi kuifikia. Chai isinywewe pamoja na mlo, maana inazuia madini ya chuma yaliyomo kwenye maharagwe na mboga, na ndimu ikamuliwe juu ya chakula kwa sababu yenyewe inayasaidia kuingia. Sukari kwenye chai ilikuwa vijiko vitatu; mwezi huu viwili, mwezi ujao kimoja. Kikomando, chapati iliyokatwakatwa na maharagwe, hakukikataza. Alisema tu chapati iwe moja, maharagwe yawe ya watu wawili. Muuza kikomando wa stejini kwetu bado ananiangalia vibaya.

Wiki ya tatu alipiga. Nilikuwa Wandegeya, rolex mkononi, ile chapati ya kuviringishia mayai, mayai mawili chapati mbili. Sikumdanganya. Hakunikaripia; aliuliza jana yake nilikula saa ngapi, nikagundua sikula mchana, ndiyo maana jioni nilivamia. Simu ya dakika nne. Ukiniuliza, ni dakika hizo nne nilizokuwa nikizilipia.

Na si mimi tu. Utafiti mkubwa wa kuzuia kisukari uliofanyika Marekani, matokeo yakatoka mwaka 2002, ulichukua watu 3,234 waliokuwa mlangoni kama mimi. Waliofundishwa kubadili mlo na kutembea, lengo likiwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, walipunguza hatari ya kupata kisukari kwa asilimia 58. Waliopewa metformin, dawa ya kisukari, walipunguza kwa 31. Kila aliyekuwa kwenye kundi la mlo alikuwa na mshauri wake na masomo 16 ya kuanzia. Hapakuwa na vinasaba wala mashine.

Utamjuaje wa kweli? Muulize amesomea wapi. Makerere na Kyambogo wanafundisha lishe ngazi ya digrii, na aliyesoma haoni aibu kuulizwa. Sikiliza kama anauliza dawa unazotumia na nani anapika nyumbani kwako. Mke wangu aliitwa siku ya pili, kwa sababu sufuria ni zake. Na angalia nyuma yake: kama kabati limejaa makopo ya kuuza, wewe ni mteja wa makopo.

Nafasi ya pili: kundi la WhatsApp la kulipia kwa mwezi

Hili linategemea nani kiongozi na mko wangapi. Dada yangu wa Bombo yuko kwenye kundi la watu kumi na wanane, wanaongozwa na muuguzi mstaafu, wanalipa 20,000 kwa mwezi. Kila jioni kila mtu anatuma picha ya sahani yake kabla ya kula. Mtu akipotea siku mbili anatafutwa. Ni bei rahisi na linafanya kazi kwake, kwa sababu anaogopa wale wanawake kuliko anavyoogopa presha.

Nililojiunga mimi lilikuwa na watu mia mbili na zaidi, na sauti za dakika tisa kila alfajiri. Siku ya kumi ikaanza kuuzwa chai ya kupunguza tumbo. Nikatoka. Kabla hujalipa, omba kuingia siku tatu uone kama watu wanajibiwa maswali yao.

Nafasi ya tatu: programu za simu za nje

Zipo nyingi, unalipa kwa dola kwa kadi, na nyingi hukata pesa zenyewe kila mwezi usipozizima. Kufuta programu kwenye simu hakutoshi; uingie sehemu ya malipo ukaizime huko, la sivyo utajua kwa meseji ya benki.

Shida yangu nazo ni sufuria. Niliandika katogo, mchanganyiko wa matooke na byenda (matumbo). Programu ikanipa "ndizi", ile mbivu ya kumenya, ikanionya kuhusu sukari ya tunda, na byenda ikaviruka kabisa. Matooke mabichi ya kupika yamejaa wanga, sukari yake ni kidogo. Chombo kisichojua tofauti hiyo kitanishauri nini mimi? Fanya jaribio hilo wakati wa siku za bure: iandikie sahani tatu za nyumbani kwako, sosi ya njugu iwe mojawapo. Ikikosea mbili, rudi.

Hata hivyo sitazikandia zote. Kampuni ya ZOE ya Uingereza iliupima mpango wake, na matokeo yakachapishwa mwaka 2024: watu 347 Marekani, wiki 18. Waliotumia mpango huo walishusha trigliseridi, mafuta ya kwenye damu, kidogo zaidi ya waliopewa mwongozo wa kawaida. Kolesteroli ya LDL, ile mbaya, haikutofautiana. Na waliopewa mwongozo wa kawaida hawakuwa na ile programu ya kuwashika mkono kila siku, kwa hiyo huwezi kujua kilichosaidia ni vipimo au ni kushikwa mkono. Mimi nina dau langu.

Nafasi ya nne: kifaa cha sukari cha kubandika mkononi

Hiki kinakaa kwenye mkono, cha FreeStyle Libre kama wiki mbili, na simu inaonyesha sukari ikipanda na kushuka. Kwa anayejidunga insulini ni kitu kingine kabisa, simo kwenye mjadala wake. Aongee na daktari. Kwa mtu mzima wa afya anayetaka tu kujua kama ale muhogo au kiazi, ni ghali kwa burudani ya wiki mbili.

Kweli, miili haifanani. Watafiti wa Taasisi ya Weizmann huko Israeli walionyesha mwaka 2015, kwa watu 800, kwamba chakula kilekile kinampandisha huyu sukari na yule kikamwacha. Lakini sahani yangu ya wanga nne ingempandisha yeyote. Anza na hilo.

Nafasi ya tano: kipimo cha vinasaba

Unatema mate kwenye kichupa, kinasafirishwa nje, unaletewa ripoti kwamba wewe ni mtu wa mafuta au mtu wa wanga. Inavutia. Bahati mbaya wazo hili limepimwa. Chuo Kikuu cha Stanford kiliwagawa watu 609 kwa mwaka mzima, nusu mlo wenye mafuta kidogo, nusu wenye wanga kidogo, matokeo yakatoka 2018. Wa kwanza walipungua wastani wa kilo 5.3, wa pili 6.0, tofauti isiyo na uzito, na vinasaba havikuweza kutabiri nani angefaulu kwenye upi. Utafiti mwingine, Food4Me, wa nchi saba za Ulaya na watu zaidi ya 1,500, ulikuta kwamba ushauri unaomlenga mtu kwa kuangalia anachokula unamsaidia kuliko ushauri wa jumla. Wakaongeza vipimo vya damu. Wakaongeza vinasaba. Haikuongeza kitu.

Soma tena hapo: kuulizwa unakula nini kulitosha. Kalamu na sahani.

Usiguse

Mashine ya kushika chuma. Umeshaiona: unashika kijiti cha chuma kilichofungwa waya kwenye kompyuta, dakika moja, inatoa kurasa za hali ya ini, nyongo, mifupa, "sumu" na macho. Niliwahi kukishika ofisini kwa watu, ghorofani mjini Kampala. Kikasema figo zangu zimechoka. Dawa yake ilikuwa mezani, chupa tatu, 270,000. Nikamwambia kijana naomba nipime tena, maana mara ya kwanza nilitikisika. Mara ya pili figo zilikuwa salama, lililochoka ni ini. Dawa ni zilezile.

Weka kundi hilohilo vipimo vya nywele, na vile vya damu vya IgG, aina ya kingamwili, vinavyokupa orodha ya vyakula "vinavyokataliwa na mwili". Chuo cha wataalamu wa mzio wa Ulaya kilishasema mwaka 2008 kwamba kingamwili hizo zinaonyesha tu kuwa mwili umekutana na chakula hicho. Mtu aliyekula maharagwe maisha yake yote ataambiwa aache maharagwe. Hapa Uganda, atabaki na nini?

Juma aliomba arudishiwe pesa zake. Baada ya siku tano walimjibu kwa heshima zote, wakamwomba radhi kwa usumbufu, wakamtumia mpango mpya. Ukurasa wa nane sasa umeandikwa Juma. Blueberry zipo palepale, ukurasa wa tatu.