Pakiti ya "ubaroneti wa Ireland": karatasi safi, cheo hakuna

Wadau wa Mombasa naona mnaulizana sana kuhusu hizi pakiti za ubaroneti wa Ireland (cheo cha heshima ambacho baba humrithisha mwanawe) zinazouzwa mtandaoni. Binamu yangu wa Kisauni alimuagizia babake, yaani ami yangu, nami nimeishika na kuisoma yote, duka silitaji.

Karatasi ni nzito, imepakwa rangi ya chai ionekane ya kale, ina lakiri nyekundu na ramani ya kiwanja cha futi moja kwa futi moja, halafu pembeni muhuri wa mkono mwekundu ulioonyesha kiganja. Fundi wa fremu kule Kuze aliisifu sana. Kwa kutundika sebuleni ni nzuri. Shida ni pale walipoandika ati ami sasa ni baroneti na wanawe watarithi, huo ni uongo na unaniudhi kwa sababu historia yenyewe ni tamu bila kuongezwa chumvi.

Huo mkono ni alama ya Ulster, jimbo la kaskazini mwa Ireland, na mabaroneti wanautumia kweli. Mfalme James wa Kwanza wa Uingereza alianzisha cheo hicho 1611 kwa sababu ya pesa, anayekitaka alitoa pauni 1,095, hesabu ya kulipa askari 30 kwa miaka 3 huko Ulster, wakati huohuo wenyeji wananyang'anywa ardhi wanapewa walowezi, mambo ambayo sisi wa Pwani hatuhitaji kufafanuliwa. Upande wa Ireland wa kwanza kupewa alikuwa Dominic Sarsfield, 1619. Kwa hiyo ndio, cheo kiliuzwa, lakini muuzaji alikuwa mfalme na alitoa hati yake. Tangu muungano wa Ireland na Uingereza wa 1801 havikutolewa tena vyeo vipya vya ubaroneti wa Ireland, na katiba yao ya 1937 inakataza serikali kumpa mtu yeyote cheo cha ukabaila. Sasa hili duka limekitoa wapi?

Hata mrithi halali hapewi hivi hivi, tangu 1910 kuna daftari rasmi na lazima alete vyeti vya kuthibitisha yeye ni mtoto wa nani. Ni kama usharifu, hujiungi na nasaba kwa risiti ya duka. Na kukosa mtoto wa kiume kunaweza kumaliza kila kitu: Desmond FitzGerald, Knight wa 29 wa Glin huko Limerick, Ireland (huyu si baroneti, cheo chake ni cha kale zaidi), alifariki 2011 akaacha mabinti watatu, na cheo cha karne kadhaa kikaishia kwake. Hiyo iliniuma kwa kweli.

Nyota 2 kati ya 5, zote za karatasi na ramani. Ukitaka pambo nunua, ukitaka cheo weka pesa zako. Binamu ameandika arudishiwe hela, mpaka leo kimya.