Uzoefu wangu: DaVinci Resolve ya bure kwenye video ya muziki ya wanafunzi

Kama mko chuoni na mnapanga kurekodi video ya wimbo wenu, pakueni DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video, toleo la bure, na mjizoeze nayo kabla hamjawasha kamera. Mimi ndiye niliyehariri video ya kikundi chetu na nilishika pia kamera ya pili. Karibu yote ninayoyajua leo kuhusu kamera nimeyajulia mezani, wakati wa kuhariri.

Video ya muziki inamfaa sana anayeanza, kwa sababu wimbo tayari umeshapima muda. Wetu ulikuwa na mapigo 100 kwa dakika, nasi tulirekodi kwa fremu 25 kwa sekunde, yaani picha 25 moja moja zinazounda video. Piga hesabu: kila pigo ni fremu 15 kamili. Nilichezesha wimbo huku nikibonyeza herufi M kila ngoma inapodunda, alama zikajipanga kwenye mstari wa muda, na hapo nikajua pa kukatia. Ila usikate kwenye kila pigo, macho ya mtazamaji yanachoka kabla ya kiitikio cha kwanza. Mahali pazuri zaidi nilipogundua ni pale mwimbaji anapovuta pumzi kabla ya mstari mpya. Ukikata hapo, picha inayofuata inaingia na sauti yake.

Kasi ya fremu iamueni mapema. Ukishaingiza klipu kwenye mradi, Resolve haikuruhusu tena kubadilisha kasi ya mradi kirahisi. Simu nazo, zikiachwa zijiendeshe, kasi yao hupanda na kushuka kidogo ndani ya klipu moja. Kwa simu tulitumia programu ya Blackmagic Camera, nayo ni ya bure na inatoka kwa kampuni hiyohiyo, Blackmagic Design ya Australia. Inakuwezesha kuchagua mwenyewe kasi ya fremu, shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga), ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) na mizani ya weupe (inayofanya kitu cheupe kionekane cheupe), kisha ukavifunga visibadilike katikati ya wimbo. Shata tuliiweka 1/50 ya sekunde, yaani namba ya chini ni mara mbili ya kasi ya fremu, ndipo mwendo wa mikono na nguo unapoonekana wa kawaida. Penye umeme wa hezi 50 kipimo hicho huzuia pia taa zisimemeteke kwenye picha. Penye hezi 60, tumieni 1/60.

Sasa nije kwenye kitu kilichonifanya niipende kabisa programu hii. Tulirekodi mwimbaji akiimba wimbo mzima, mwanzo hadi mwisho, mara nyingi: kamera ikiwa mbali, ikiwa karibu, ubavuni, chini ikitazama juu. Kila mara wimbo ulipigwa kwenye spika kwa sauti kubwa ili kamera iudake, hata kama sauti hiyo haitatumika. Ndani ya Resolve nikachagua klipu zote pamoja na wimbo halisi wa studio, nikaiagiza iziunganishe kwa kulinganisha mawimbi ya sauti, na zote zikawa kama kamera nyingi zilizorekodi kwa wakati mmoja. Baada ya hapo unachezesha wimbo, picha zote zinaonekana pamoja, na wewe unabofya ile unayoitaka wakati huo. Rasimu ya kwanza inapatikana kwa muda wa kusikiliza wimbo. Kazi ya ufundi inaanzia hapo, lakini tayari una kitu cha kuwaonyesha wenzako wakakushauri.

Mbinu nyingine ambayo kila kikundi kiijaribu ni ile ya mwendo wa pole huku midomo ikifuata wimbo. Wimbo unapigwa kwa kasi mara mbili, mwimbaji anaimba mbiombio kuufuata, kamera inarekodi fremu 50 kwa sekunde na shata 1/100. Kwenye programu klipu hiyo unaipa kasi ya fremu 25. Midomo inarudi sawasawa na wimbo, lakini nywele na nguo zinaelea. Wachezaji wetu walipoiona kwa mara ya kwanza walidai irudiwe papo hapo! Mwimbaji afanye mazoezi ya kuimba haraka kabla ya siku ya kurekodi, kwani maneno yakivurugika pale, hakuna uhariri utakaoyaokoa.

Upande wa rangi ndio asili ya programu hii, na inaonekana. Nilijifunza kusoma vipimo badala ya kuamini kioo cha laptopu. Kuna kipimo cha duara chenye mstari wa rangi ya ngozi, na jambo lililonifurahisha ni kwamba ngozi nyeusi, maji ya kunde na nyeupe zote hukaa karibu na mstari huohuo. Kinachotofautiana zaidi ni wingi wa mwanga. Hilo lilibadilisha namna tunavyopanga taa. Kwa mwimbaji mwenye ngozi nyeusi sana, badala ya kupandisha ISO tulileta taa pana ubavuni, ing'ae kwenye shavu na paji la uso, na ukutani tukapunguza mwanga. Rangi ikabaki tajiri, na mezani nilikuwa na kazi ndogo ya kusawazisha.

Toleo la bure lina mipaka yake. Halina kile chombo kizuri cha kusafisha chengachenga za gizani, hicho ni cha toleo la kulipia, Studio. Kwa mwanafunzi sioni kama hasara, kwa sababu kinachokuokoa ni kuwasha taa ya kutosha tangu mwanzo. Ukubwa wa picha unaishia 3840 kwa 2160, na hiyo inatosha na kubaki. Ukurasa wa Fusion, wa madoido, unataka uvumilivu wa pekee. Video ya kwanza mnaweza kuimaliza bila kuugusa.

Jambo la kuzingatia hasa ni uzito. Programu hii inategemea sana kadi ya picha ya kompyuta (sehemu inayochakata picha), na klipu za H.265, mfumo wa kubana video, zinaongeza kazi, kwa kuwa fremu nyingi huhifadhi tu mabadiliko kutoka fremu za jirani na kompyuta lazima izijenge upya kila unaposogea. Dawa imo ndani ya programu yenyewe: iagize itengeneze nakala nyepesi za klipu zote, uhariri kwa hizo, halafu wakati wa kutoa video itumie zile za asili. Laptopu ya kawaida yenye RAM ya GB 16 inaweza kufanya kazi hiyo vizuri.

Naipa nyota nne na nusu. Nusu niliyobakiza ni ya wale wenye kompyuta dhaifu, ambao hata nakala nyepesi hazitawatosha; hao watafute programu ndogo zaidi au waombe zamu kwenye maabara ya chuo. Wengine wote, rekodini wimbo mzima angalau kwa pembe nne, nakilini kadi za kamera kwenye diski mbili kabla ya kuzifuta, ndipo mfungue Resolve.