Regasm imeiokoa ASP yetu ya mwaka 2003

Mfumo wa stoo ninaoutunza uliandikwa kwa ASP ya zamani, teknolojia ya Microsoft ya kurasa za wavuti, na lugha ya VBScript mwaka 2003. Mauzo, madeni, ankara, kila kitu kimo humo, na wenye duka la vipuri wanauamini kuliko daftari. Mwaka huu watu wa malipo wakataka kila ombi litiwe sahihi ya HMAC-SHA256, yaani alama inayokokotolewa kwa ufunguo wa siri kuthibitisha kwamba ombi limetoka kwetu. VBScript haina kitu hicho. Kuandika upya mfumo mzima kwa ajili ya sahihi moja ni kubomoa nyumba kisa kitasa. Nikaandika klasi ndogo ya C#, nikaisajili kwa Regasm, chombo kinachokuja pamoja na .NET Framework ya Microsoft bila malipo. Kazi yake ni kuiandika klasi ya .NET kwenye rejista ya Windows ili programu za zamani ziiite kupitia COM, njia ya Windows ya programu kutumiana vipande.

Kazi yenyewe ni fupi. Juu ya klasi unaweka ComVisible (ruhusa ya kuonekana kwa COM) na ProgId (jina la kuiitia), unakompaili kupata faili la DLL, unafungua dirisha la amri kama msimamizi na kuandika:

regasm Sahihi.dll /codebase

Upande wa ASP ni mstari mmoja:

Set s = Server.CreateObject("Stoo.Sahihi")

Kama DLL yako haimo kwenye GAC, ghala la pamoja la DLL za .NET, usiache /codebase, maana bila hiyo rejista haijui faili liko wapi.

Mimi nilikwama kwingine, tangu saa tatu asubuhi mpaka adhuhuri. Ukurasa unatoa ASP 0177 na namba 80040154, yaani klasi haijasajiliwa, na Regasm imeshaniambia usajili umekubali! Kumbe ziko Regasm mbili: moja kwenye folda ya Framework, nyingine kwenye Framework64. App pool yetu, yaani mchakato wa seva ya IIS unaoendesha kurasa, inaendeshwa kwa biti 32 kwa sababu ya draiva ya Access, nami nilisajili kwa ile ya biti 64. Nikarudia kwa ya Framework, ukurasa ukafunguka palepale. Hapa nailaumu Regasm: ingetaja tu imesajili upande upi, nisingepoteza asubuhi nzima.

Safu nazo ziangalie. Methodi yangu ilirudisha string[], yaani safu ya maandishi, na nilipogusa kipengele cha kwanza VBScript ikagoma kwa kosa 800a000d, kwa kuwa inasoma safu za Variant tu, aina inayobeba thamani yoyote. Nikaweka object[], ikatulia. Methodi za static hazionekani kabisa, na konstrakta iwe haina paramita. Ukitaka kubadilisha DLL, anzisha upya app pool kwanza, la sivyo w3wp, programu inayoendesha app pool, imelishika faili.

Kwa .NET mpya, kuanzia Core 3.0 ya mwaka 2019, Regasm haitumiki: unawasha mpangilio wa EnableComHosting kwenye mradi, unapata faili la comhost.dll, unalisajili kwa regsvr32, chombo cha Windows cha kusajili DLL.

Nampa Regasm nyota nne. Klasi yangu inapokea maandishi na kurudisha maandishi, basi, na tangu ianze kazi karani wa mauzo hajanipigia simu kuhusu malipo hata mara moja.