Makumbusho ya Davenport na Moline: "Chagua wanne"

Makumbusho tuliyokwenda na watoto nilianza kwa kuyapa nyota moja. Kesho yake, nikiwa nimelala vizuri, nikaongeza zikawa mbili. Leo nimeirudisha ile moja, na naandika haraka kabla sijabadili tena.

Anayetaka saa za kufungua na bei atafute mwenyewe, viko kwenye simu. Mimi nina neno moja la kaunta.

Tunakaa Rock Island, upande wa Illinois. Ukivuka Mississippi uko Davenport, Iowa. Ukifuata mto kidogo uko Moline. Ni miji iliyobanana, na wenyewe wanaiita Quad Cities, yaani minne, ingawa ukiihesabu inafika mitano. Kwa mahali padogo namna hii, vya kuwaonyesha watoto si haba. Ndiyo maana nimekasirika. Pangekuwa hakuna kitu ningelala zangu, maana nafanya kazi usiku kwenye kiwanda cha nyama na Jumamosi ndiyo siku yangu pekee ya kuwa mtu.

Basi Jumamosi moja, baridi ikiwa inaisha, tulitoka watu sita: mimi, mama mkubwa, wanangu wawili na wawili wa dada yangu. Dada alikuwa kazini. Mahali penyewe sipataji jina. Mengine nitakayoyataja hapa chini hayahusiki, msije mkawaonea bure.

Kuna mpango unaoitwa Museums for All, ulianza mwaka 2014. Ukionyesha kadi ya EBT, hii kadi ya serikali ya msaada wa chakula ambayo wengi wetu tunaijua, unaingia kwa dola tatu au chini ya hapo kila mtu. Makumbusho zaidi ya elfu moja Marekani yanaukubali. Siuonei haya. Nalipa kodi, naamka na mgongo unauma, na watoto wanakula. Nilisoma kabla ya kutoka nyumbani kwamba pale wanaupokea, kwa hiyo nilifika na uso mkavu kabisa, kadi mkononi, foleni nyuma yangu inafika mlangoni.

Binti wa kaunta akaipokea kadi. Akaigeuza. Akaigeuza tena. Kisha akageukia mlango wa ofisi uliokuwa nyuma yake na kumwita mwenzake kwa sauti ya kuita basi: "Hizi kadi za chakula, wanaingia wangapi?" Kadi yenyewe ameinyanyua juu, kama refa.

Foleni nzima ikanyamaza. Kulikuwa na baba mmoja nyuma yangu aliyeanza kusoma bango la choo kwa makini sana.

Jibu likatoka ndani: wanne. Akanirudia akitabasamu, lile tabasamu lisilofika machoni, akauliza wepi ni wangu. Nikamwambia wote. Sikusema uongo. Mimi ni mama yao mdogo hao wawili, na kwetu hilo neno mama halipunguzwi thamani kwa kuwa mbele yake kuna mdogo. Akaniangalia, akawaangalia watoto, akasema: "Basi chagua wanne."

Mama mkubwa hajui Kiingereza cha kutosha. Binti yangu wa miaka tisa ndiye mkalimani wake, na mkalimani mzuri hafichi kitu. Nikamsikia akimnong'oneza: "Bibi, anasema mama achague."

Sasa fanyeni hesabu wenyewe. Watoto hawaruhusiwi kuingia bila mtu mzima. Kwa hiyo wanne maana yake ni mimi na watoto watatu. Mtoto mmoja anabaki, na bibi anabaki. Yule mkubwa wa dada, ana miaka kumi na miwili, ndiye aliyeomba kuja wiki nzima hadi tukachoka naye. Akasema, "Mimi hata sina hamu." Akaingiza mikono mfukoni na kuangalia viatu vyake.

Nililipa bei kamili ya yule kijana. Mama mkubwa akakataa katakata nisimlipie. Akasema, "Ingieni wanangu, mimi nitakaa hapa kwenye benchi, miguu imechoka." Miguu ya mwanamke aliyelima mihogo Fizi, kwetu Kongo, akakimbia vita kwa miguu hiyo hiyo, akalima tena vibustani vya Nyarugusu, kambi ya wakimbizi Tanzania, miaka kumi na ushee. Ichoke kwa sababu ya kutembea kutoka kwenye gari!

Ndani kulikuwaje? Kulikuwa kuzuri. Hilo ndilo linaloniudhi. Watoto walicheza, kila kitu kilifanya kazi, na mzee mmoja wa kujitolea alimwelekeza kijana wetu kwa uvumilivu ambao hata mwalimu wake hana. Nyota ya pili ilikuwa ya huyo mzee. Lakini kila baada ya dakika tano nilikuwa narudi dirishani kuangalia benchi.

Nimejaribu kuwa mwadilifu. Nimerudi kusoma masharti ya mpango: kweli, kadi moja ni watu wanne. Yule binti hakuitunga sheria. Labda ilikuwa wiki yake ya kwanza kazini. Labda mimi nilikuwa na usingizi na masikio yangu yalikuwa makali kuliko kawaida. Haya, nimekubali. Lakini hakuna sharti lolote lililoandikwa kwamba kadi inyanyuliwe juu na kutangazwa. Angeweza kuandika namba kwenye karatasi na kunionyesha. Angeweza kuinama. Mimi nikiwa mgeni na Kiingereza changu cha kuokoteza najua kuteremsha sauti. Yeye aliyezaliwa nacho hajui?

Tulipotoka sikutaka kwenda nyumbani na siku ile mdomoni. Nikawapeleka John Deere Pavilion, jumba la maonyesho la kampuni ya trekta, Moline. Hapo hakuna kiingilio. Hakuna kaunta ya kukuhesabu. Unasukuma mlango na unakutana na trekta za kijani, za kisasa na za mababu, na kombaini refu kuliko nyumba yetu ya kule kambini. Deere mwenyewe, aliyeianzisha kampuni, alihamishia kazi yake ya plau Moline mwaka 1848, kwa hiyo mji huu na hizo mashine ni ndugu.

Watoto walipanda. Mama mkubwa akasimama chini akiangalia meno ya kombaini. Akayagusa kwa kidole kimoja kama mtu anayepima ukali wa panga. Akaniuliza: "Hili linavuna nini?" Nikamwambia mahindi na soya. "Na nani anaokota yanayobaki?" Sikuwa na jibu. Kisha bila kuomba ruhusa akashika chuma, akapanda ngazi, kitenge kimekunjwa mkono mmoja, akakaa kwenye kiti cha dereva. Mfanyakazi alipita, nikajua sasa tunafukuzwa. Akanyanyua tu dole gumba, akaendelea na shughuli zake. Mama mkubwa alikaa kule juu robo saa nzima. Alisema lingemaliza shamba letu la Fizi kabla ya uji kupoa, halafu sisi wote tungefanya nini.

Miguu haikuwa imechoka.

Tukamalizia Davenport, ukingoni mwa mto, bure vilevile. Hapa Mississippi unapinda na kwenda magharibi, kwa hiyo jua linazama mtoni. Kuna daraja la chuma la mwaka 1896, treni inapita juu na magari chini, na kipande kimoja kinazunguka chote kupisha matishari yanayoingia kwenye lango la maji namba 15, yaani chumba cha kupandisha na kushusha vyombo mtoni. Msafara wa matishari ukiwa mrefu kupita lango, wanaukata, nusu inapita, kisha nusu nyingine inafuata, ndipo wanaufunga tena. Kijana wetu akasema, "Wangeambiwa wachague." Tukacheka, mimi nikicheka kwa shida.

Kwa wenye watoto: makumbusho ya sanaa ya Figge, lile jumba la vioo karibu na hapo, tuliingia siku nyingine na nawashauri muende kwenye picha za Haiti. Nilidhani sanaa ya Davenport haina habari na mimi, nikakuta rangi ninazozijua. Makumbusho ya Putnam, yaliyoanza mwaka 1867, yana maiti zilizokaushwa za Misri, "mummy" kwa Kiingereza. Watoto wanalia kwenda huko, ila neno lenyewe limeleta kikao cha familia, maana mama mkubwa alisikia "mami", akasikia mumiani, na hataki kusikia kwamba tutatoa hela kwenda kumtazama mnyonya damu kwenye sanduku. Bado tunajadiliana.

Sasa, hukumu. Nendeni? Watoto wangu wanasema ndiyo. Wamesahau, au wanajifanya. Mwenye watu wanne kamili na kadi yake aende, hatajuta, na amsalimie yule mzee. Mwenye familia ya kawaida, nasema kawaida yetu, abebe kadi mbili, au apite moja kwa moja kwenye trekta.

Nilitaka kuishia hapo kwa nyota mbili. Lakini jana usiku binti yangu amekumbuka kwamba sweta yake ya njano ilibaki kule ndani, kwenye kigingi karibu na kaunta. Nimepiga simu. Sauti iliyopokea ni ile ile. Imesema wanayo, wameikunja na kuiweka kwenye mfuko, niende tu na nitaje jina.

Sijaenda. Mama mkubwa amesema atakwenda yeye.